Tiketi Mbili, Mimi na Mama Mukwe

Mama mukwe wangu alikataa kupona. Alisema wazi, yeye akiwa ndani ya nyumba na mimi nikiwa inje nyuma ya ukuta, kama kawaida yetu:

"Afazali nikufe na giza yangu. Kukaa kiti moja na mukwe, minyi mwenyewe? Bantu ba Kamina batasema nini?"

Na tiketi nilikuwa nimekwisha kuzinunua. Zilikuwa ndani ya mfuko wa shati, mbili, zimeshikwa pamoja na pini moja, viti viwili vinavyogusana.

Nimeanzia katikati, nirudi nyuma kidogo. Macho yake hayakufunga siku moja. Kwanza alikuwa anachanganya chumvi na sukari, tukacheka. Halafu akawa anasalimia mbuzi wa jirani na kuuliza habari za watoto wao. Mwisho kitu cheupe, mtoto wa jicho, kilifunika macho yote mawili kama ukungu wa asubuhi bondeni, akawa anatembea kwa kushika kamba iliyotoka mlango wa nyumba yake mpaka chooni. Kamba ile niliifunga mimi. Niliifunga siku ya Mungu, yeye akiwa misani, asije akanikuta.

Maana kwetu sisi Baluba mama mukwe ni kijila, ni mwiko. Hutazami uso wake, huketi alipoketi, huli mbele yake, na jina lake hulitaji hata kama nyumba inaungua. Ukimwona anakuja njiani, unatoka njiani. Mimi nimetoka njiani miaka zaidi ya arobaini. Nimeingia ndani ya mihogo ya watu, nimeingia ndani ya majiko ya watu wanaopika. Siku moja niliruka kando bila kutazama, nikaanguka ndani ya shimo walimokuwa wanachimba udongo wa matofali. Mvua ilikuwa imelijaza. Nikakaa humo maji kifuani, nikingoja apite, na yeye palepale juu ya shimo akakutana na rafiki yake, wakaongea habari za ubatizo wa mtoto fulani tangu mwanzo mpaka mwisho, na nani alivaa nini. Vijana wa siku hizi wanakaa na mama mukwe meza moja wanatazama televisheni. Siwahukumu. Lakini mimi yule mama alinipa binti yake kwa njia ile ya zamani, na heshima niliyomwonyesha siku ya kwanza siwezi kuipunguza kwa sababu magoti yangu yamechoka kuruka.

Kama kuna neno la lazima, tunalipitisha kwa ukuta. Yeye anasema, "Wee ukuta, ambia ule bwana kama paa inavuja." Mimi naujibu ukuta. Tumeozesha watoto sita namna hiyo.

Sasa, padri alitangaza baada ya misa kwamba waganga wa macho wanakuja katika hospitali moja ya Lubumbashi, siku chache tu, kupasua wazee bure. Mfirimu, muuguzi wa hapa kwetu, akamtazama mama mukwe, akaandika karatasi, akapiga muhuri: awe kule Alhamisi asubuhi. Ijumaa waganga wanamaliza, wanapanda ndege, kwisha. Mke wangu njo, yaani ndiye, alikuwa wa kumpeleka. Lakini Jumamosi alitoka jikoni na ndoo ya maji kichwani, akakosa kidaraja cha kushukia mlangoni, na goti likavimba kama papai. Hakuweza kufika hata kwa jirani. Watoto wetu wametawanyika, mmoja tu yuko Lubumbashi, binti yetu, na yeye ana kazi, angeweza kutupokea lakini si kuja kutuchukua. Basi pale nyumbani wote wakageuka wakanitazama mimi.

Nilikwenda kwanza kwenye gare, stesheni ya reli. Marehemu baba alifanya kazi ya reli, na mimi filimbi ya mashine naijua kuliko kengele ya kanisa. Gari la moshi ni zuri kwa mtu mwenye mama mukwe, kwa sababu lina vagoni nyingi. Nilikuwa nimepanga tayari: yeye klasi ya pili, penye kiti kizuri, mimi klasi ya tatu na wenye magunia, kila mtu na heshima yake. Lakini gari la wiki ile lilikuwa limekwisha kupita, na la kufuata lingetufikisha wakati waganga wamekwisha kurudi kwao. Nikaenda kwa wenye malori. Lori ni rahisi kweli, lakini bibi kipofu juu ya magunia ya mahindi, hapana. Ndege ya kule Base, kambi ya jeshi, ni ya wakubwa, sikuuliza hata mlinzi.

Zilibaki bisi. Karibu na soko kuna ofisi mbili za bisi. Ya kwanza inauza kiti kimoja-kimoja, na kwa viti viwili, kwenda na kurudi, ningeuza baiskeli na bado ningebaki naomba watu. Ya pili ilikuwa imebandika karatasi ukutani. Nilimwomba mtu anisomee, halafu nikamwomba mwingine anisomee tena, maana mimi nilitoka shule darasa la tatu, na ninajua kwamba maandishi madogo ya chini njo yenye ubaya. Ilisema hivi: watu wawili wanaosafiri pamoja, kwenda na kurudi ndani ya siku saba, wanalipa karibu sawa na mtu mmoja na nusu. Maandishi madogo ya chini yakasema: watakaa benchi moja, kando-kando, na tiketi haziwezi kutenganishwa.

Makuta yangu, pesa za mahindi, yalitosha ile, na chakula cha njiani, na kidogo kwa mjini. Zaidi hapana. Nikasimama kwenye mstari.

Mama wa tiketi alikuwa mtu wa kalamu, mwenye miwani, kola nyeupe, mmoja wa wale wa kanisa la Metodisti wanaoandika vizuri mpaka unaogopa kupumua.

"Papa, bantu babili?"

"Babili."

"Jina ya weye?" Nikampa. "Jina ya muntu wa pili?"

Nikahesabu makuta upya.

"Papa, naandika orodha. Jina ya muntu wa pili."

"Iko mama moja, muzee."

"Bamama bazee biko bengi mu Kamina. Jina?"

"Minyi siwezi kuitaja."

"Umesahau?"

"Sikusahau. Siwezi."

Bwana mmoja nyuma yangu akapaaza sauti: "Tutalala hapa? Huyu muzee labda anaiba bibi ya muntu!" Mstari wote ukacheka, hata mama mmoja aliyebeba mgonjwa.

"Ni mama ya bibi yangu," nikasema chini-chini.

"Aaa!" ukasema mstari, kama watu wa kanisani wakiitikia. Mama wa tiketi akaweka kalamu. Akanitazama juu ya miwani. "Na unanunua viti mbili za kugusana?"

"Bei njo inanunua, mama. Haiko minyi."

Pale akatokea muuza mawese mmoja anayesali kwetu, anatujua wote. Akaniambia, "Ziba masikio, mukwe!" Nikaziba kweli, vidole viwili, mbele ya watu, na yeye akalitaja lile jina kwa nguvu, na baba yake, na kijiji chake njia ya Kabongo. Nilipoona mdomo wake umefunga njo nikatoa vidole. Tiketi zikapigwa pini.

Njo zile alizozikataa.

Mke wangu alimbembeleza jioni nzima. Mimi nilisikia kila neno kutoka inje. Alimwambia habari za mjukuu aliyezaliwa ambaye hajamwona, alimwambia habari za jiko na moto na siku ile alipokaribia kumimina mafuta ya moto juu ya mkono wake mwenyewe. Mama mukwe alijibu neno moja tu la aibu: haya ni haya. Na kusema ukweli, sikumkasirikia. Kama angekubali upesi, mimi njo ningeshangaa.

Jumatatu asubuhi mke wangu akanivuta nyuma ya banda la kuku, yeye anachechemea kwa mguu mmoja, akaniambia:

"Baba ya batoto, tiketi ulichagua muzuri. Sasa utakuwa bubu."

"Bubu namna gani?"

"Bubu wa Kabongo. Minyi nitamuambia mama kama tulipata muntu, bubu, anaenda Lubumbashi, atakaa naye na kumushika fimbo. Weye, nitasema uko kule nyuma kabisa na mizigo. Haoni. Ukifunga mudomo, hajui."

"Minyi, nifunge mudomo mpaka Lubumbashi?"

"Njo pale minyi pia naogopa," akasema.

Akaingia ndani kumwambia. Halafu nikamsikia mama mukwe: "Bubu wa Kabongo? Wa jamaa gani?"

"Mama, namna gani atasema? Ni bubu."

Mama mukwe akagonga fimbo chini. "Basi, huyo ninaweza kukaa naye. Lakini mukwe akae mbali."

Moyo wangu ulishuka mahali pake, lakini haukukaa sawasawa. Nikaenda kwa katekista wetu kuuliza kama jambo lile ni dhambi. Alikuwa anapalilia mboga zake, hakusimama hata. "Kunyamaza haiko zambi," akasema. "Kwa weye, muzee, itakuwa muujiza." Nikaondoka.

Jumanne alfajiri mke wangu alifika mpaka kwenye bisi, amebebwa na pikipiki. Alisema kwa sauti, ili mama yake asikie: "Bantu ba bisi, huyu baba ni bubu, musimusumbue na maulizo!" Kisha akageukia nyuma kwenye benchi ambapo mimi sikuwepo, akasema, "Na weye, baba ya batoto, kaa muzuri na mizigo, eh?" Gunia la mihogo halikujibu. Tukaondoka.

Sijui kama umewahi kunyamaza siku nzima. Mimi sikuwahi, hata nilipong'olewa meno. Mwanzo nilihesabu miti. Halafu mama mukwe, alipoona kwamba jirani yake hasemi, njo akaanza yeye, na kumbe mtu yule ana maneno! Miaka yote nilidhani ni mnyamavu. Alikuwa mnyamavu kwa sababu upande wa pili wa ukuta nilikuwa mimi.

"Wee bubu," akaniambia, "weye uko na raha. Minyi niko na mukwe wa mudomo mingi. Asubuhi anasema, mangaribi anasema, mu usingizi anasema. Ukuta yangu imechoka."

Nikatazama kofia yangu.

"Lakini hakumupigaka mutoto yangu. Hata siku moja. Ningesikia." Akasawazisha fimbo magotini. "Mahari alitoa mbuzi mbili, moja kilema."

Tatu! Zilikuwa tatu, na ile ya kuchechemea ilichechemea njiani tu, ilikuwa imekanyaga mwiba! Niliingiza kofia mdomoni nikaiuma. Bwana aliyekaa ng'ambo ya njia, mvaa tai, mtu wa kanisa la maombi, aliniona, akaniwekea mkono begani, akaanza kuniombea kimya-kimya macho yamefungwa.

Kula nako kulikuwa kazi. Yeye alikula mikate na karanga bila shida, kwake mimi nilikuwa bubu wa Kabongo. Mimi nilijua mimi ni nani. Nikageukia upande wa njia, nikampa mgongo, nikatafuna pole-pole kama mwizi, karanga moja-moja, nisisikike.

Tulipita Luena. Tulilala njiani mahali ambapo bisi zote zinalala, wanawake upande wao, wanaume upande wao, na pale nilikuwa salama. Lakini Jumatano, jua limepanda, tukafika kwenye daraja la mbao. Dereva akasimamisha, akasema watu wote washuke wavuke kwa miguu, bisi ivuke ikiwa nyepesi. Wanafanya hivyo siku zote. Mimi nilikuwa nimesahau daraja lile kabisa.

Nikampa mama mukwe ncha ya fimbo yake, mimi nikashika ncha nyingine, hivyo hatukugusana. Tukaanza kuvuka, mimi mbele, narudi kinyumenyume nikitazama miguu yake tu, si uso. Ubao kwa ubao. Chini maji yalikuwa ya rangi ya matofali, na yanakimbia. Katikati ulikosekana ubao mmoja. Mimi niliupita kwa kunyoosha mguu, nikavuta fimbo nimwonyeshe anyanyue mguu, na yeye akadhani ninamwambia aende upesi. Akanyoosha mguu wa kuume juu ya hewa tupu.

"Simama, mama! Rudisha mguu!"

Ilitoka. Sauti yangu yote, ile inayoita mbuzi kutoka mlima wa pili.

Alisimama. Akarudisha mguu. Kwanza nilisikia mto peke yake. Halafu yule mvaa tai nyuma yetu akatupa mikono juu: "Bubu amesema! Bantu ba Mungu, bubu amesema! Alleluya!" Abiria wote waliokuwa kwenye daraja wakaanza, wengine wanapiga makofi, wengine wanalia, mwanamke mmoja akapiga vigelegele na mtoto mgongoni. Na mimi pale katikati ya muujiza nilingoja hukumu, kwa sababu mama mukwe alikuwa hajasema neno. Sauti ile anaijua. Amesikia sauti ile nyuma ya ukuta tangu nilipokuwa na nywele. Nilijua mtu huyu: angeweza kukaa chini palepale juu ya mbao, akafunika kichwa, akasema rudisheni mimi Kamina. Na hapo Alhamisi ingepita, na waganga wangepanda ndege yao, na macho yale yangebaki yamefungwa mpaka kaburini, na kosa ni langu, mimi niliyechagua tiketi ya bei rahisi.

Mama mukwe akanivuta fimbo mkononi, akagonga ubao nayo mara mbili, kama anabisha hodi.

"Bubu amesema," akasema. "Mungu iko na nguvu. Sasa asiseme tena."

Akanyanyua mguu juu kabisa, akavuka ule ubao uliokosekana, na fimbo ikanisukuma tumbo niendelee.

Mpaka leo sijui alianza kujua wapi. Labda darajani. Labda nilipotafuna karanga ya kwanza. Sikuuliza, na mtu wa kumuuliza sina.

Safari iliyobaki yule mvaa tai alitaka nisimame mbele ya watu nitoe ushuhuda. Alikuja mara tatu. "Ndugu, usifiche kazi ya Bwana! Sema hata moja tu!" Mimi natikisa kichwa. Mara ya tatu mama mukwe akamgeukia kule sauti ilikotoka:

"Wee baba, umuache. Alipewa maneno mane, alitumia yote mane. Minyi njo nilikula faida."

Watu wakacheka, yule akakaa. Kisha baadaye, tulipokuwa karibu na Likasi, watu wengine wamesinzia, alisema pole-pole, uso wake mbele:

"Wee bubu. Ukiona mukwe wangu kule nyuma ku mizigo, umuambie asikuwe na woga. Analeta muzee wake muzuri."

Nilikuwa nimeambiwa nisiseme tena. Lakini nilipangusa pua na kofia, ile niliyokuwa nimeitafuna.

Lubumbashi binti yetu alitungojea. Aliponiona kando ya nkambo yake, mama ya mama yake, benchi moja, mdomo ukamwangukia. Nikaweka kidole juu ya midomo, na kwa kuwa ni mtoto wa mama yake, alielewa kabla sijashuka. Yeye alikuwa amepanga usafiri wa mjini vizuri kuliko mimi. Taksi ya kukodi ni ya wenye makuta. Vibisi vidogo vinakata njia vipande viwili, unalipa kipande cha kwanza, wanakushusha, unalipa cha pili. Lakini kuna bisi kubwa ya mji inayopita saa kwa saa karibu na kwake mpaka mbele ya hospitali, bei moja, na wazee wanapewa kiti. Ukingoja kidogo, unaokoa nusu. Basi siku ile na zilizofuata, wao wawili walipanda bisi kubwa na mimi nilitembea kwa miguu, naulizia njia. Sikuona ubaya. Niliona mji, nikalipa kwa viatu, na baada ya siku mbili za kunyamaza nilisema na kila mlinzi wa kila mlango.

Alhamisi nilikaa inje ya ukuta wa hospitali na ndugu wa wagonjwa wengine. Yeye aliingia asubuhi. Saa zikapita. Binti yangu akatoka mara moja, uso mbaya, akasema damu ya nkambo imepanda, ile presha, waganga wamesema wanangoja ishuke, isiposhuka hawampasui. Nikamuuliza iliyoipandisha ni nini. Akasema, "Papa, anauliza kila saa kama ule bubu alikula."

"Muambie alikula bukari na samaki, alishiba, analala."

"Haulali, papa. Na haukukula."

"Muambie ivyo."

Akaingia. Mimi nikanunua bukari, ugali wetu, na samaki upesi kwa mama aliyekuwa anapika kando ya barabara, nikala yote, ili maneno yasiwe ya uongo. Nilikuwa bado nalamba vidole wakati binti alipotoka tena anakimbia. Damu ilishuka. Walimpasua, jicho moja na la pili, na kazi yenyewe haikuchukua hata muda wa kuchemsha maharagi.

Kesho yake walifungua bandeji. Mimi sikuwepo ndani, sikustahili kuwepo, lakini nilihadithiwa mara nyingi mpaka ni kama nilikuwepo. Kwanza akatazama ukuta mweupe. Kisha akatazama binti yangu kuanzia juu mpaka chini, akasema, "Hii kitambaa ya kichwa, hauna sabuni?" Binti alilia kwa furaha, wauguzi wakacheka. Mimi kule inje nilikaa chini juu ya jiwe. Nilikaa kama mtu aliyefikisha mzigo.

Ikabaki kurudi. Tiketi zilikuwa zilezile, pini ileile, benchi moja, na siku saba zilikuwa zinakwisha. Na sasa mama mukwe anaona, bubu wa Kabongo amekufa. Nilimwambia binti yangu nitasimama njia nzima, nitakaa juu ya mizigo, nitamwomba dereva. Alikwenda kumwambia nkambo yake. Akarudi anajaribu kutocheka.

"Nkambo anasema: kiti ililipiwa. Yeye anataka dirisha."

Njo hivyo tulivyorudi. Aliingia wa kwanza, na miwani nyeusi ya hospitali, na kikwembe, kitenge chake, amekishusha upande mmoja wa kichwa, ule wa kwangu, mpaka begani, kama pazia. Mimi nilikaa upande wa njia na kumpa mgongo nusu. Na mtu yule hakugeuka. Kutoka Lubumbashi mpaka Kamina alitazama inje. Alikuwa anasema na kioo, kwa furaha, kwa hasira, kwa kila kitu: kwamba milima imekatwa, kwamba mabati yameota kutu, kwamba nani alipanda miembe hii yote, kwamba wasichana wanavaa nini siku hizi, ona ile, ona ile mbuzi, nyeusi na kiatu cheupe! Pale darajani tuliposhuka, alivuka peke yake, fimbo kwapani, akasimama mbele ya ule ubao uliokosekana, akautazama sana, akaruka. Mimi nilikuja nyuma mbali, nikatazama mto.

Nililala kutoka Luena. Usingizi mzito kama wa mtoto aliyenyonya, nasema hivyo bila haya. Miaka yote sijalala mahali ambapo mama mukwe yuko.

Niliamka bisi ikiingia Kamina. Mke wangu alikuwa amesimama kwenye kituo, mkono juu ya fimbo, goti limefungwa na kitambaa, anatafuta kioo chetu. Mama yake alimwona kwanza. Aliweka kiganja kwenye kioo.

"Ule mama wa fimbo," akauliza kioo, "ni nani?" Kisha akajijibu mwenyewe, sauti imeshuka. "Ni mutoto yangu. Yo! Mutoto yangu iko na mvi."

Alishuka bila kungoja mtu. Walisimama pale katikati ya watu wa mizigo, mama anashika kichwa cha binti yake kwa mikono miwili, anakigeuza huku na huku, anatafuta nywele nyeusi, na mke wangu anacheka na kulia na kusema, "Mama, acha, bantu banatuangalia!" na mama anasema, "Baache baangalie. Minyi pia naangalia."

Mimi nilishuka kwa mlango wa nyuma, nikachukua mizigo yangu, nikapita nyuma ya soko, njia ndefu, nikienda nyumbani kuwasha moto.